Chumvi, Maji na Gari la Mama

Mama hakuwa na hamu ya kuiona Marekani. Aliowataka ni watu wake. Mwaka wa fedha wa 2016 nchi hii ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, wengi kuliko waliotoka nchi nyingine yoyote mwaka ule, na katika miaka hiyo ndipo majirani zetu wa kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu mkoani Kigoma, walipoondoka familia baada ya familia. Waliokuwa wakichota maji bomba moja hawakutua mji mmoja. Sisi tulipelekwa Louisville, Kentucky. Dada yangu na mumewe walipelekwa Buffalo, New York. Binamu yangu akaenda Columbus, Ohio, baba mdogo Des Moines, Iowa, na shangazi mkubwa akatupwa mbali kabisa, Boise, Idaho. Kwa miaka yote hiyo Mama aliwaona kwenye kioo cha simu, akiuliza kila mara kama wamenenepa au ni simu tu inayowanenepesha.

Kumpandisha ndege kulikuwa na shida yake. Ana kisukari, miguu inavimba akikaa sana, choo lazima kiwe karibu, na chakula anataka kukipika mwenyewe. Ndugu tulipozungumza tukakubaliana kuchanga tununue gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, gari-nyumba lililotumika, ili azungukie watu wake kwa mwendo wake. Jipya halikuwa letu: yale ya ukubwa wa kati, yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, hupita dola 100,000 bila shida, na mchango wetu wote haukufika robo ya hizo. Swali lililotugawa halikuwa tununue au tusinunue. Lilikuwa tununue wapi. Kila ndugu aliuvutia mji wake.

Louisville kulikuwa na hoja ya ukaribu. Kusini mwa mji, kwenye Preston Highway, yadi za magari ya mitumba zimepangana kwa maili nyingi, na wakimbizi wengi wanaoishi upande ule ndiko walikonunua magari yao ya kwanza. Tulikwenda na Mama. Gari tulilooneshwa liling'aa. Zulia jipya, mapazia mapya, na ndani mlinukia manukato makali. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye usukani kusoma maili. Mama alipanda ngazi taratibu, akasimama katikati, akaangalia juu. Hakuangalia jiko wala kitanda. Aliangalia dari, pembe moja baada ya nyingine, akafika ile pembe iliyo juu ya dereva, akaubonyeza ukuta kwa kiganja. Ukabonyea kama mkate uliolowa.

Miaka karibu ishirini Mama aliishi chini ya turubai la Umoja wa Mataifa na baadaye chini ya nyasi. Anajua maji yanavyosafiri: hayashuki pale yanapoingilia, yanafuata mti mpaka yapate pa kuchungulia. Baadaye mafundi walinieleza kwa maneno yao jambo lile lile. Magari-nyumba mengi ni mifupa ya mbao iliyovikwa bamba jembamba la faiba au aluminiamu, na paa lake mara nyingi ni mpira uliotandazwa. Kila dirisha, kila taa, kila kona imezibwa kwa gundi ambayo jua huikausha na kuipasua. Mwenye gari asipopanda juu kila mwaka kuiangalia na kuziba upya, mvua huingia bila kelele, mbao zinaoza ndani huku nje pakiwa pazuri, na siku utakayoona doa kazi imekwisha fanyika. Injini mbovu inabadilishwa. Ukuta uliooza maana yake ni kulivua gari lote. Kwa gari lililokaa nje mwaka mzima katika unyevu na mvua za bonde la Mto Ohio, hilo ndilo la kwanza kuogopa, na zulia jipya na manukato katika gari kuukuu ni sababu ya kuangalia zaidi, si ya kuridhika.

Sikulaumu yadi zote kwa ajili ya moja. Lakini niliona wazi kwamba pale muuzaji hajui gari limelala wapi usiku wowote kabla ya kuja kwake. Alilinunua mnadani, akalifuta vumbi, akaliweka barabarani. Hata angetaka kusema kweli, hana kweli ya kusema.

Wapo waliotushauri tuende Indiana, kwenye mji wa Elkhart, ambako na vitongoji vyake hutengenezwa sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Marekani. Ukiwa Louisville ni mwendo wa nusu siku. Wazo halikuwa baya, ila historia ya karibuni ilinitia mashaka. Wakati wa korona kila mtu alitaka kulala njiani badala ya hoteli, na mwaka 2021 viwanda vilitoa zaidi ya magari-nyumba 600,000, yanayovutwa na yanayojiendesha yakihesabiwa pamoja. Mwaka 2023 yalishuka hadi kiasi cha 313,000. Idadi hizo zinasema mambo mawili. La kwanza ni la heri: wengi walionunua kwa pupa wamechoka nayo, na soko la mitumba limejaa. La pili ni la kuangaliwa: kitu kinachotengenezwa kwa haraka namna ile hakiwi bora kwa sababu tu ni kipya zaidi. Mafundi niliowauliza wengi walisema wangechagua gari la 2008 lililotunzwa kuliko la 2021 lililotelekezwa. Gharama ya uzee ipo, maana baadhi ya kambi binafsi za kuegesha hazipokei gari lililozidi miaka 10, lakini mbuga za majimbo hazina masharti hayo kwa kawaida, na Mama alikuwa akienda kuegesha uani kwa ndugu zake.

Columbus tulikuwa na binamu, na binamu ni dereva wa lori. Kwa Wasomali na Wakongo wa mji ule lori limekuwa kazi ya heshima. Pita Cleveland Avenue au Morse Road mwisho wa wiki uone vichwa vya malori vilivyoegeshwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kulitazama gari kuanzia chini kwenda juu. Kaka, nilimwambia, mimi naangalia maili. Akasema maili ziache kwanza, lala chini uangalie chasisi.

Alitaka tutafute lililojengwa juu ya Ford E-450 yenye injini ya silinda 10, lita 6.8. Si kwa sababu ndiyo bora duniani. Inakula mafuta, kilomita tatu na nusu hadi nne kwa lita, na ukipanda mlima utaisikia ikilalamika. Ila chasisi hizo ziliundwa Lorain hadi 2005 na baada ya hapo Avon Lake, miji miwili ya Ohio ufukoni mwa Ziwa Erie, na zimetumika kwenye magari ya wagonjwa, mabasi ya shule na magari ya mizigo nchi nzima. Gari likiharibika Wyoming saa tatu usiku na mzee mwenye kisukari yuko ndani, unachohitaji ni fundi wa mji mdogo aliyekwisha kuifungua injini hiyo mara nyingi. Kwa hesabu hiyo tuliacha magari mazuri ya Kijerumani yenye injini ya dizeli.

Gari alilotupatia binamu huko Columbus lilikuwa na bei ya kutupa, na chini lilikuwa safi. Hapo ndipo nilipojifunza kuusoma ukoo wa gari. Kila gari lina namba ya utambulisho ya tarakimu na herufi 17, na kwa sheria ya mwaka 1992 Marekani ina mfumo wa taifa unaokusanya kumbukumbu za hati za umiliki kutoka majimboni, pamoja na taarifa za kampuni za bima na za wauza vyuma chakavu. Kwa dola chache unapata taarifa. Gari-nyumba lina ugumu wake: chasisi ina mwaka wake na nyumba iliyojengwa juu ina mwaka wake, mara nyingi wa mbele, kwa hiyo miaka miwili kupishana si ulaghai. Taarifa yetu ilikuja na jambo jingine kabisa. Hati aliyokuwa nayo muuzaji ilikuwa safi, ila katika jimbo la kusini, miaka ya nyuma, kampuni ya bima iliwahi kuliandika gari lile kuwa limeharibiwa na mafuriko. Limehama jimbo, limepewa hati mpya, na neno mafuriko likabaki nyuma. Muuzaji alisema hajui, na huenda hakujua. Tuliagana naye kwa amani.

Niruhusiwe kusema kidogo juu ya Ohio, kwa kuwa njiani binamu alinionesha njia ya kwenda Jackson Center, kijiji kilicho kaskazini-magharibi mwa Columbus ambako hutengenezwa trela za Airstream, zile za bati linalong'aa. Mwanzilishi wake, Wally Byam, mwaka 1959 na 1960 aliongoza msafara wa trela zipatazo 40 kutoka Cape Town hadi Cairo, wakakokota nyumba zao kwa magari katika matope na vumbi la Afrika Mashariki hadi Ethiopia na kuendelea. Wazazi wa wazazi wetu wangeweza kusimama kando ya barabara wakawatazama Wazungu hao wakipita na majiko yao. Mimi sioni ajabu sasa kwamba mama wa Fizi, kule Kongo, anataka kulipita bara la Wamarekani na jiko lake. Ni haki yake.

Ikabaki Buffalo, mji ambao kila mtu alituonya nao. Na onyo lilikuwa na mantiki. Upepo wa majira ya baridi unavuka Ziwa Erie, unachota unyevu, unaumwaga mjini kama theluji. Novemba 2022 kitongoji cha Orchard Park kilipata karibu mita mbili katika tufani moja, na wiki ya Krismasi mwaka huo huo tufani nyingine ikaua zaidi ya watu 40 katika eneo la Buffalo. Dada na mumewe walikaa siku hizo bila umeme, wamefunika watoto kwa kila nguo waliyokuwa nayo. Ili barabara zipitike humwagwa chumvi ya mawe, ambayo huchimbwa mpaka chini ya ziwa lenyewe: huko Cleveland kuna mgodi ulio zaidi ya mita 500 chini ya Erie. Chumvi na maji ya theluji hupanda kwenye chasisi, hula bomba za breki, hula vishikio vya tangi la mafuta. Gari dogo la Buffalo lililotumika kila siku kwa miaka 15, mimi mwenyewe silinunui.

Lakini shemeji yangu, ambaye si mwepesi wa maneno, aliuliza swali lililotunyamazisha wote. Nani anaendesha gari-nyumba kwenye theluji? Hakuna. Watu wa kule wanalitoa Mei, wanalirudisha Septemba au Oktoba, wanatoa maji yote kwenye mabomba, wanapitisha dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, wanaliingiza ghalani kwa wakulima wa kusini mwa mji wanaokodisha nafasi, na halioni chumvi wala mvua mpaka majira ya joto. Nusu ya mwaka liko chini ya paa. Gari la umri huo huo lililokaa Kentucky au Florida limepigwa jua na mvua mwaka mzima. Kwa hiyo jina la mji halikutosha. Ilibidi kumjua mtu mmoja mmoja, na kuuliza gari limelala wapi kila baridi.

Shemeji alikuwa amelipata gari kwa mzee mstaafu aliyefiwa na mke, asiyetaka tena kusafiri. Ilikuwa Oktoba, na huo ndio wakati mzuri wa mnunuzi: mwenye gari anatazama ada ya ghala ya miezi mingine sita, na wanunuzi wameadimika. Machi na Aprili bei hupanda maana kila mtu anaota safari. Shemeji alitaka aende Jumamosi inayofuata, hali ya hewa nzuri, apige picha atutumie. Mama akaomba simu.

"Mkwe wangu, usiende jua likiwaka."

"Niende lini, Mama?"

"Subiri mvua. Nyumba haikaguliwi kiangazi. Ikinyesha sana, nenda ukae ndani."

Shemeji alisubiri. Siku iliponyesha, ile mvua ya ziwa ya kuamkia na kulalia, alimpigia mzee akamwomba ruhusa. Gari lilikuwa bado uani, halijapelekwa ghalani. Walikaa ndani wawili, mzee akachemsha kahawa kwenye jiko la gesi la gari lenyewe, nalo ndilo jaribio la kwanza la jiko. Muda wote huo maji yalikuwa yakipiga paa. Shemeji alifungua kabati moja baada ya jingine, akapitisha mkono kwenye pembe za kitanda cha juu, akainua godoro, akapapasa chini ya madirisha. Pakavu. Alichukua pia kile kifaa kidogo cha kupima unyevu wa mbao, kinachouzwa madukani kwa dola zisizozidi 40 hivi, akakisukuma kwenye kuta. Mzee, badala ya kukasirika, alimwonesha mahali alipoziba mwenyewe na mahali ambapo angependa paangaliwe upya.

Tangu siku hiyo nimemweleza kila aliyeniuliza: kabla ya kushindanisha bei za miji, uliza ni mji gani una mtu wako anayeweza kwenda mara ya pili. Gari kuukuu halijulikani kwa kuonana mara moja, katika saa aliyochagua muuzaji, baada ya wewe kusafiri mamia ya kilomita na fedha mfukoni na hamu moyoni. Aliyesafiri mbali hujiambia kwamba hawezi kurudi mikono mitupu. Shemeji alikuwa anakaa dakika ishirini kutoka kwa mzee yule. Angeweza kusema hapana akarudi nyumbani kula. Kama huna ndugu, wapo wakaguzi wa magari-nyumba wenye chama chao na vyeti. Ada yao ni mamia ya dola, na mimi naiona halali kuliko punguzo lolote la bei.

Nilipanda mwenyewe kufunga biashara. Kutoka Louisville hadi Columbus ni kama kilomita 340, na kutoka huko hadi Buffalo kama 530, karibu zote kwa barabara kuu za 71 na 90. Binamu alinipokea njiani tukaenda pamoja. Alilala chini ya gari akagonga chasisi kwa nyundo, akafuata bomba za breki kwa vidole kutoka mbele hadi nyuma. Kutu ilikuwepo, ya juu juu, ya kusuguliwa na brashi. Tuliwasha jenereta tukaifungulia kiyoyozi nusu saa, kwa sababu jenereta isiyobebeshwa mzigo haikuambii kitu. Friji tuliiwasha kwa gesi na si kwa umeme peke yake.

Tairi ndizo zilizokuwa na neno. Kashata zake zilikuwa nene, ungedhani mpya. Lakini ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho wa ile namba ndefu: mbili za wiki, mbili za mwaka. Zetu zilisomeka 2213, wiki ya 22 ya mwaka 2013. Gari-nyumba hutembea kidogo, kwa hiyo tairi zake huzeeka kabla ya kulika, na tairi iliyozeeka hupasuka kwenye joto la barabara kuu, chini ya gari lenye uzito wa karibu kilo 6,500. Mzee alikubali kupunguza bei ya tairi zote sita, nasi tukazifunga palepale Buffalo kabla ya kuondoka.

Kuhusu kodi, ambayo wengi huikimbilia kwanza, iliamua kidogo kuliko tulivyotarajia. Kodi ya mauzo katika Kaunti ya Erie ni asilimia 8.75, Kentucky asilimia 6, na watu hudhani unalipa ulikonunulia. Tulinunua kwa mtu binafsi, tukalipa tulikosajili: ofisi ya karani wa kaunti, Louisville, tukiwa na hati, karatasi ya bei yenye saini za wote wawili, na ukaguzi wa sherifu ambao Kentucky huutaka kwa gari lililotoka jimbo jingine. New York hutoa kibali cha muda cha siku 30 cha kulisafirisha gari hadi nyumbani, na bima lazima iwe imeanza. Jambo moja la Kentucky lijulikane: kila mwaka hutoza kodi ya mali kwa magari, na anayelimiliki gari tarehe 1 Januari ndiye anayedaiwa mwaka mzima. New York na Ohio hazina kodi hiyo. Tuliiweka kwenye hesabu ya mchango tangu mwanzo, ndugu wote wakijua.

Baridi ile tulilikodishia gari nafasi ndani ya ghala nje ya mji, kama alivyokuwa akifanya mzee. Februari nikakaa na watoto mezani kupanga njia. Watoto walichora kwa kufuata kilomita: Columbus kwanza, kisha Buffalo, turudi tushike Des Moines, na mwisho kabisa Boise, yapata kilomita 3,000 kutoka kwetu. Mama alikuja akaiangalia ramani, akauliza kidoti cha Boise kiko wapi.

"Tunaanza huku," akasema.

Nikamwambia, Mama, huko ndiko mbali kuliko kote, tutawaacha wengine wote bila kuwasalimu.

"Shangazi yako ndiye mkubwa. Siwezi kula kwa wadogo kabla sijamwamkia yeye. Tutamchukua, tuwazungukie hao wengine naye."

Mtoto wangu wa kike alihesabu vitanda kwenye mchoro wa gari, akaona kimoja bado kiko wazi, akaandika jina la shangazi.